Elfu 48, elfu 66 au elfu 17: kupima kotesheni ya fundi wa mabomba Nairobi

Ukiita mafundi watatu waje kuangalia kazi moja, utaondoka na bei tatu zisizokaribiana. Ya chini inavutia, ya juu inatia hasira, na ya katikati unaiamini kwa sababu tu imekaa katikati. Kabla ya kuanza kuvutana kuhusu punguzo, hakikisha bei hizo ni za kazi moja. Kwa kawaida si za kazi moja. Fundi mmoja amehesabu kurudisha plasta, mwenzake hakuigusa. Mmoja ameweka vali za kufungia maji, mwingine anangoja uziulize siku bomba likipasuka na nyumba nzima ikose pa kufungia.

Hapa tunachukua kotesheni tatu za kazi moja na kuzisawazisha mstari kwa mstari. Pesa zilizotajwa ni za mfano wa hesabu, usizichukue kama bei za soko. Bei za soko utazipata kwa kupiga simu hadiwea tatu asubuhi moja, na kazi hiyo haichukui nusu saa.

Kazi yenyewe

Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, ya zile za Buruburu au Umoja, bado ina mabomba ya chuma ya GI yaliyowekwa ilipojengwa. Maji ya kwanza asubuhi yana rangi ya chai, na shawa inatoa uzi mwembamba. Tangi la lita 1,000 liko juu. Mwenye nyumba anataka mabomba yote ya maji safi ndani ya nyumba yawe PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa), na hita ya umeme ya lita 50 iongezwe bafuni.

Pointi ni tisa: choo, sinki la kunawia, shawa baridi, shawa moto, jikoni baridi, jikoni moto, koki ya kufulia, na mbili za hita, yaani kuingia na kutoka. Hesabu pointi kwanza, wewe mwenyewe, kabla fundi hajafika. Fundi akisema kumi na mbili, mwombe akuonyeshe hizo tatu ziko wapi. Pengine anaona kitu ambacho hukukiona, pengine haoni chochote.

Kotesheni A ni ya ujumbe wa WhatsApp: "Bosi, kubadilisha bomba nyumba nzima na kufunga kila kitu, 48,000, mpaka mwisho." Kotesheni B ni karatasi mbili zenye orodha, jumla 66,000. Kotesheni C inasema ufundi peke yake 17,000, vifaa juu ya mwenye nyumba.

| | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Bei iliyotajwa | 48,000 | 66,000 | 17,000 |
| Mabomba na fitingi | zimo, aina haikuandikwa. Ongeza 4,000 kufikia PN20 (ukuta mnene, tazama chini) | zimo, PN20 (31,000) | ongeza 31,000 |
| Vali 3 za kufungia | ongeza 3,600 | zimo | ongeza 3,600 |
| Plasta na kurudisha taili | ongeza 7,500 | zimo | ongeza 7,500 |
| Kupima presha | ongeza 1,500 | imo | ongeza 1,500 |
| Usafiri wa vifaa | imo | imo | ongeza 2,000 |
| Kung'oa mabomba ya zamani na kutoa kifusi | ongeza 2,500 | imo | ongeza 2,500 |
| Jumla ya kazi sawa | 67,100 | 66,000 | 65,100 |

Pengo la 49,000 limeshuka hadi 2,000. Kwa tofauti hiyo ndogo, bei haistahili tena kuamua. Kinachoamua ni nani atabeba hasara kitu kikienda mrama. Kwa A, kila kilichoachwa kitarudi kwako katikati ya kazi, ukuta ukiwa umeshapasuliwa na huna pa kwenda. Kwa B, elbo (viungo vya kona) zikipungua ni shida ya fundi. Kwa C, zikipungua ni wewe utakayeacha kazi yako kukimbilia hadiwea huku mafundi wawili wamekaa wanakungoja, na siku yao inahesabika.

Hesabu hii haimfanyi B kuwa bora kila mara. Karatasi mbili zilizopangwa vizuri zinaweza kuficha mambo pia, ila kwa njia nyingine.

Ukubwa wa bomba, mahali kotesheni inapodanganya kwa kunyamaza

Kotesheni nyingi huandika "PPR 20mm" na kuishia hapo. Namba hiyo ni kipenyo cha nje. Kinachopitisha maji ni tundu la ndani, nalo hutegemea unene wa ukuta wa bomba, ambao hutajwa kwa PN, yaani daraja la presha ya bomba. Bomba la 20mm la PN10 lina ukuta wa milimita 1.9 hivi, la PN16 lina 2.8, la PN20 lina 3.4. Kwa 25mm, ukuta wa PN16 ni 3.5 na wa PN20 ni 4.2. Kwa 32mm, PN20 ni 5.4. Vipimo hivi vimechapwa kwenye bomba lenyewe, kwa mfano "20x3.4", na mara nyingine utaona herufi S: S5 ni PN10, S3.2 ni PN16, S2.5 ni PN20. Bomba lisilo na maandishi yoyote, au lenye jina la kampuni tu bila vipimo, lirudishe. Ukiwa na kalipa ya bei rahisi unaweza kuupima ukuta mwenyewe pale kaunta.

PN10 ni ya maji baridi. Ikiwekwa kwenye laini ya hita itashika kwa muda, kisha joto litailegeza na itapasuka ndani ya ukuta, chini ya taili ulizolipia. Laini ya moto iwe PN20. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala upo kwenye laini ya baridi, na ndipo hata mafundi wazuri hukosea. Wanasema "20 ndiyo nusu inchi", kwa hiyo GI ya nusu inchi inang'olewa na PPR ya 20mm inaingia mahali pake. Kwa uzi wa kufungia koki ni kweli. Kwa tundu si kweli. GI ya nusu inchi ya uzito wa kati ina tundu la milimita 16 hivi. PPR ya 20mm PN20 ina tundu la 13.2. Ukipiga hesabu ya eneo, umepoteza karibu thuluthi moja ya njia ya maji. Ukilinganisha na bomba la zamani lililojaa kutu utaona nafuu na utamshukuru fundi, lakini umelipia mfumo ulio mdogo kuliko ule wa mwenye kujenga.

Katika nyumba yenye pampu ya presha hutahisi sana. Katika nyumba inayotegemea tangi la juu, utahisi. Kila mita 10 za kimo hutoa bar 1. Tangi lililo mita 4 juu ya koki linakupa bar 0.4 tu, na kwa presha hiyo tundu ndilo kila kitu. Linganisha hivi:

GI ya nusu inchi (tundu 16) inalingana na PPR ya 25mm, ambayo kwa PN20 ina tundu la 16.6. GI ya robo tatu (tundu 21.7) inalingana na PPR ya 32mm PN20, tundu la 21.2.

Kwa hiyo laini inayoshuka kutoka tangini iwe 32mm, ya kusambaza iwe 25mm, na 20mm ibaki kwa vipande vifupi vya mwisho vinavyoingia kwenye koki. Kotesheni inayoweka 20mm kutoka tangini hadi jikoni ni nafuu kwa sababu inayoonekana waziwazi, na ukiilinganisha na yenye 32mm bila kuangalia, utamwona mwaminifu kuwa mwizi.

Kwa laini ya baridi ya tangi la juu, PN16 inatosha na tundu lake ni kubwa zaidi: 25mm ya PN16 ina milimita 18. Fundi akikuandikia PN16 baridi na PN20 moto, huyo amefikiri. Akikuandikia PN20 kila mahali, si kosa, ila anakulipisha zaidi mahali ambapo hukuhitaji.

Idadi ya fitingi

Sasa B. Bei ya kila kipande kwenye orodha yake inaweza kuwa sawa kabisa na ya hadiwea, huku idadi ikiwa imevimba. Elbo 60 za shilingi chache hazishtui mtu, na zinazobaki hurudi na fundi kwenye begi hadi kazi inayofuata.

Kuna kipimo cha haraka. Kila pointi huhitaji tii moja kuitoa kwenye laini kuu, elbo mbili au tatu za kawaida kuifikisha mahali pake, na elbo moja yenye uzi wa shaba ya kufungia koki. Kwa pointi tisa: tii nane au tisa, elbo 18 hadi 27, elbo za shaba tisa. Ongeza soketi moja kwa kila mahali ambapo vipande viwili vya bomba vinaungana kwa urefu, na PPR huuzwa hapa kwa vipande vya mita 4, kwa hiyo laini ya mita 11 ina soketi mbili. Ongeza vipunguzi vya 32 kwenda 25 na 25 kwenda 20, na yunioni mbili za hita ili siku moja itoke bila kukatwa. Ziada ya asilimia 10 ni halali, maana elbo ikiyeyushwa vibaya haitumiki tena. Zaidi ya hapo, uliza.

Mabomba yapime kwa mita. Pita na futi ya utepe njia ile ile fundi anayokusudia kupita, pamoja na kupanda na kushuka ukutani, kisha ongeza sehemu moja ya kumi na upandishe hadi kipande kizima. Nyumba hii inatoka hivi: mita 8 za 32mm, mita 12 za 25mm, mita 20 za 20mm. Vipande viwili, vitatu na vitano.

Elbo za shaba zinastahili mstari wake pekee kwenye kotesheni kwa sababu ndizo ghali na ndizo huchakachuliwa. Nzuri ina shaba nene, nzito mkononi, na uzi uliokatwa wazi. Mbaya ina shaba nyembamba iliyoshikwa juu juu; fundi akikaza koki, shaba inazunguka ndani ya plastiki na ukuta unapasuliwa upya. Mwambie fundi alete moja kama sampuli kabla ya kununua tisa.

Alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) kwenye bomba unaweza kuihakiki: tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023, na ujibiwe ni bidhaa ya nani. Jina likitofautiana na lililoandikwa kwenye bomba, usilipe.

Kwenye orodha utakuta pia "vitu vidogo vidogo". Hilo ni halali likifafanuliwa: tepu ya uzi, klipu za kushikia, diski za grenda, saruji ya kushikilia bomba, misumari ya saruji. Likiandikwa 6,000 bila maelezo, lifunguliwe.

Tena, ni kawaida hadiwea kumpa fundi chai kidogo anapoleta mteja. Usipoteze nguvu kupigana nayo. Linganisha bei ya kipande na hadiwea mbili nyingine. Ikiwa sawa, chai yao haikuhusu.

Ufundi unahesabiwaje

Mafundi wa Nairobi huhesabu ufundi kwa njia tatu, na inafaa ujue fundi wako anatumia ipi, hata asipokuambia.

Ya kwanza ni asilimia ya vifaa, mara nyingi thuluthi moja hivi. Ni rahisi, na ni mbaya kwa mwenye nyumba. Ukichagua mikisa ya shawa (koki ya kuchanganya maji moto na baridi) ya 15,000 badala ya ya 4,000, jasho la kuifunga ni lile lile, lakini ufundi umepanda. Kama fundi anang'ang'ania asilimia, kubaliana iwe ya mabomba na fitingi tu. Choo, sinki, mikisa na hita vihesabiwe kwa kipande kimoja kimoja.

Ya pili ni kwa pointi. Hii ni ya haki kwa kazi ya nyumba nzima na ni rahisi kulinganisha. Kwenye kotesheni B, ukitoa vifaa na mengine, ufundi ni 17,900. Gawa kwa tisa, ni karibu 1,990 kwa pointi. Kwa C, 17,000 kwa tisa ni kama 1,890. Hawa wawili wanasema kitu kimoja. Kwa A huwezi kujua, na kutojua huko ndiko tatizo lake.

Ya tatu ni kwa siku, nayo ni nzuri ya kuhakiki zile mbili. Kazi hii, fundi na msaidizi wake, ni siku nne kwa kasi ya kawaida: siku ya kuchimba mifereji ukutani, siku ya kulaza na kuyeyusha, siku ya kupima na kuziba, siku ya kufunga koki, choo na hita. 17,900 kwa siku nne ni 4,475 kwa siku kwa watu wawili, pamoja na zana zao, nauli, na faida. Muulize fundi yule yule angekutoza ngapi kwa siku moja ya kazi ndogo. Jibu lake likiwa karibu na hapo, bei ni ya haki. Akikuambia siku mbili tu zinatosha kwa pointi tisa za kuchimba ukutani, ama hataki kuchimba ipasavyo, ama atapitisha mabomba nje ya ukuta, ama hatapima.

Yanayoachwa mara nyingi

Plasta na taili ndizo za kwanza. Fundi wa mabomba hupasua. Anayerudisha ni mwashi. Kotesheni iseme nani, na iseme taili zitatoka wapi, maana taili za bafu la miaka thelathini iliyopita hazipatikani tena na utajikuta na mstari wa rangi nyingine kutoka sakafuni hadi dirishani. Njia ya bomba ikipitishwa upande wa pili wa ukuta, chumbani, unapasua plasta tupu na taili zinabaki. Fundi asiyependekeza hilo hakuangalia nyumba vizuri.

Pili, kupima presha. Wengi watakuambia "tutafungua maji tuone". Kufungua maji ya tangi ni kupima kwa bar 0.4, na kiungo kibovu cha PPR hushika hiyo bila shida. Mwaka ujao ukiweka pampu ya bar 2 au 3, kinaachia. Kupima kwa kweli ni hivi: pointi zote zifungwe kwa plagi, laini ijazwe maji na hewa itolewe, kisha pampu ya mkono ipandishe hadi bar 10. Subiri angalau saa moja tangu kiungo cha mwisho kiyeyushwe. Mshale wa saa ya presha utashuka kidogo mwanzoni kwa sababu plastiki hutanuka. Pampu tena, kisha uutazame mshale kwa muda wa saa moja nzima. Ukishuka tena, kuna tone mahali fulani. Hili lifanyike kabla mwashi hajagusa ukuta, na uwepo. Piga picha ya saa ya presha mwanzo na mwisho, na picha za kuta zikiwa wazi. Siku ya kutoboa ukuta kwa kabati zitakuokoa.

Ukiwa hapo, tazama anavyoyeyusha. Mashine iwe nyuzi 260, na bomba la 20mm likae ndani ya moto sekunde 5, la 25mm sekunde 7, la 32mm sekunde 8. Likikaa sana, plastiki hukunjika ndani na kuziba tundu, na hakuna kupima presha kutakakogundua hilo: kiungo kinashika vizuri sana, maji tu ndiyo hayapiti. Fundi anayepasha bomba kwa mwali wa gesi si wa kupewa kazi hii.

Tatu, vali ya usalama ya hita. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa karibu robo tatu ya lita, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Vali hiyo huwekwa kwenye mlango wa maji baridi, na mdomo wake uelekezwe kwa kibomba hadi nje au kwenye mfereji wa sakafu. Kotesheni yenye hita na isiyo na vali hiyo haijakamilika. Waya za hita ni za fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Usikubali mstari wa "umeme" kwenye karatasi ya fundi wa mabomba bila jina la atakayeifanya.

Nne, kusafisha laini kabla ya kufunga koki. Vumbi la plastiki, mchanga na kutu ya tangini huingia moja kwa moja kwenye katriji ya mikisa na vali ya tangi la choo. Ni dakika kumi za kuacha maji yatoke wazi. Haligharimu kitu, lakini liandikwe.

Na kwa Nairobi, jambo la tano: maji yenyewe. Angalia ratiba ya mgao ya mtaa wako na upange siku ya kupima iangukie siku tangi limejaa. La sivyo, siku nzima ya fundi inapotea na mtagombana nani alipe, au utanunua maji ya bowser (lori la maji). Kama jumba lenu hutumia kisima chenye maji ya chumvi na kotesheni ina shawa ya umeme, iandikwe kuwa ni ile ya maji ya chumvi. Ya kawaida haitadumu.

Mita na laini inayoifikia ni za Nairobi Water, kampuni ya maji ya jiji. Fundi anayejitolea kuisogeza mwenyewe anakuuzia kesi.

Kazi ikigusa majitaka, uliza swali moja: mteremko. Bomba la 110mm lishuke milimita 25 kwa kila mita. Fundi anayejua atakujibu bila kufikiri, na ataongeza mwenyewe habari ya bomba la hewa na mahali pa kuzibulia.

Bei ya mkupuo, ufundi peke yake, au kwa siku?

Kwa kazi inayojulikana mwanzo na mwisho kama hii, bei ya mkupuo yenye orodha ndiyo bora. Kwa kazi ndogo kama kubadilisha mikisa au choo kimoja, nunua vifaa mwenyewe na ulipe ufundi. Vipande ni vichache na utachagua unachotaka. Kwa kutafuta maji yanayovuja ndani ya ukuta au mfereji ulioziba chini ya ua, lipa kwa siku. Anayekupa bei ya mkupuo kwa kitu asichokiona amejiongezea kinga ya kutosha, na wewe ndiye utakayelipa kinga hiyo hata tatizo likiwa dogo.

Malipo na karatasi

Pesa ya vifaa ilipe moja kwa moja kwenye till ya hadiwea, baada ya kupata orodha, na risiti iwe yako. Ufundi ugawe: asilimia 30 mabomba yakiwa yamelazwa, 40 baada ya kupima presha, 30 wiki mbili baada ya koki zote kufanya kazi. Fundi akitaka nusu ya ufundi kabla ya kuanza kwa ajili ya nauli na chakula, mpe kiasi cha siku moja. Mwenye haja ya nusu nzima mara nyingi anadaiwa mahali pengine.

Kotesheni ikiwa na VAT ya asilimia 16, iwe na PIN ya KRA (mamlaka ya mapato) na uahidiwe ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki. Bila hiyo, mstari huo ufutwe. Cheti cha NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) cha daraja la III, II au I kinaonyesha fundi amepimwa. Hakimfanyi mwaminifu, ila kinakusaidia kuchagua kati ya wawili wanaolingana. Nambari za simu za wateja wawili wa mwaka uliopita zina uzito zaidi, maana viungo vibovu huonyesha rangi yake ndani ya miezi michache.

Iandikeni yote, hata kama ni kwenye WhatsApp, mradi fundi ajibu kwamba amekubali. Mzozo ukifika mbali, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Kitakachotazamwa ni mlichokubaliana.

Na ukitaka bei ishuke, usiseme "punguza". Fundi atapunguza kwa kubadilisha PN20 iwe PN10 bila kukuambia. Mwambie badala yake kazi ipungue: mabomba yapite nje ya ukuta kwenye sehemu ya kufulia, mwashi umlete wewe, kifusi ukitoe wewe. Kwenye kotesheni B hatua ya mwashi na kifusi pekee inatoa 10,000 kwenye karatasi, na ubora wa bomba haujaguswa.